Uganda: Kuandaa safari ya uwindaji bila nyara kukwama mpakani

KAMPALA - Wageni wanaokuja Uganda kuwinda hutua Entebbe, kisha huelekea porini kwa gari la kukodi. Nyara zao, yaani pembe, mafuvu na ngozi, huondoka baadaye kwa ndege, au kwa barabara hadi bandari ya Mombasa. Safari ikipangwa ovyo, gari la msafirishaji ndilo hukamatwa.

Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979. Mwaka 2001 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA) iliuruhusu kwa majaribio kwenye ardhi za wafugaji jirani na Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako wanyamapori hugombea malisho na ng'ombe. Sehemu ya ada ilitengwa kwa ajili ya wenyeji.

Kabla ya kuchagua kampuni ya kuongoza safari, mteja au wakala wake aulize haya:

1. Je, kampuni ina leseni ya UWA, na eneo lake na idadi ya wanyama iliyoruhusiwa vimeandikwa?

2. Bei inahusu nini? Ada ya siku na ada ya mnyama ni vitu viwili. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea kwa kawaida hulipiwa.

3. Nani anaombea bunduki kibali? Kipatikane kabla mgeni hajapanda ndege.

4. Nani anakausha ngozi, kuchemsha mafuvu na kutafuta cheti cha daktari wa mifugo?

Nyara hazilingani. Nyati, swala pala na pundamilia wa Uganda hawamo katika orodha za mkataba wa CITES. Kiboko yumo katika orodha ya pili, hivyo anahitaji kibali cha kusafirisha nje. Chui yumo katika orodha ya kwanza: kinatakiwa pia kibali cha nchi anakopelekwa. Kibali cha kusafirisha nje hakizidi miezi 6, hivyo ngozi ikichelewa kukauka kinaweza kuisha muda mzigo ukiwa bado ghalani.

Kwa wanaopitia Malaba au Busia, wakumbuke kuwa Kenya ilifuta uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978. Mzigo upite kama wa kwenda nchi nyingine, chini ya usimamizi wa forodha, na nyaraka halisi ziwe mkononi mwa dereva. Idadi na aina ya nyara zilingane na karatasi. Zisipolingana, usipakie.