Mota ya Sevo Inapogoma

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza juu ya mota ya sevo, ile iendeshayo mikono ya roboti na mashine za kukerezea chuma viwandani. Mota hii si kama ya pampu, ambayo huzunguka tu mradi imepata umeme. Nyuma yake imefungwa enkoda, chombo kidogo kitoacho habari kila nukta juu ya mahali shafti ilipofika. Na kabatini imo draivu, ambayo huzipokea habari hizo na kupima umeme wa kupeleka. Basi hitilafu ikitokea, yaweza kuwa katika mota, enkoda, draivu, waya, au katika mzigo wenyewe. Na kwa maoni yetu mota husingiziwa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kwanza fundi asome namba ya onyo katika draivu kabla hajazima umeme, maana huenda ikafutika. Ikiwa yasema kwamba mzigo umezidi, atazame breki. Breki za mota nyingi za namna hii hufunguliwa na umeme wa volti 24. Usipofika, mota hushindana na breki yake yenyewe hata ikapata moto. Lakini onyo likitokea kila mara mashine ifikapo mahali pale pale, na kwingine ni salama, twashuku waya iliyokatika ndani ya ganda lake kwa kukunjwakunjwa.

Akiisha kuzima, angoje muda ulioandikwa kwenye draivu, kisha apime, kwani kapasita zake hushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Nao mzigo unaoning'inia uegemezwe kwanza: mota ikifunguliwa bila egemeo mzigo huanguka, na huenda fundi ameweka mkono chini yake.

Ndipo azitoe waya tatu za mota katika draivu. Ukinzani baina ya kila mbili sharti ulingane; na chombo cha kupimia uvujaji, chenye volti 500, kionyeshe kwamba umeme haupiti kwenda bodi ya mota. Chombo hicho kisiguse kamwe waya za enkoda, maana kitaiua. Kisha breki ifunguliwe, na shafti izungushwe kwa mkono. Ikikwaruza, yamkini beringi zimekwisha. Wala asiigonge kwa nyundo, kwa kuwa enkoda nyingi zina kisahani cha kioo ndani. Na enkoda yenyewe asiing'oe kama hana njia ya kuirudisha katika pembe yake sawasawa na sumaku za mota, la sivyo mota yaweza kukimbia ovyo mara iwashwapo.