Kompyuta au Konsoli: Ubishi Unaoamuliwa na Milisekunde

Kwa hesabu za kwenye karatasi, Xbox Series X ilipaswa kuiacha mbali PlayStation 5. Zote mbili ziliingia sokoni Novemba 2020, zote zinatumia prosesa za AMD, zote zina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Tofauti iliyopigiwa debe ilikuwa ya nguvu za michoro: teraflopi 12.15 kwa mashine ya Microsoft, 10.28 kwa ya Sony. Teraflopi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde, na mashabiki waligombania tarakimu hizo miezi kadhaa kabla ya kuigusa mashine yenyewe. Mashine zilipofika majumbani, michezo mingi iliyotolewa kwa zote mbili ilikwenda karibu sawa, na mingine ilikwenda laini zaidi kwenye mashine yenye tarakimu ndogo.

Ubishi mkubwa zaidi, ule wa kompyuta na konsoli, umenasa kwenye mtego huohuo kwa miaka mingi. Mwenye kompyuta anataja kadi yake ya michoro, mwenye konsoli anataja bei aliyonunulia, na kila mmoja anadhani amemaliza maneno. Mimi naona wanapima pasipostahili. Konsoli ni mashine iliyofungwa: aliyeiunda ameamua kila kilichomo, na hakibadiliki hadi kizazi kijacho. Kompyuta ni mashine iliyo wazi: kila mwenye nayo anaipanga atakavyo. Sifa na kasoro za kila upande zinatoka humo, na anayeielewa sayansi yake hujua ananunua nini hasa.

Tarakimu ya kuzidisha

Teraflopi hazipatikani kwa kupima gemu ikichezwa. Hupatikana kwa kuzidisha. Prosesa ya michoro ya PlayStation 5 ina vitengo 36. Kila kitengo kina njia 64 za hesabu, kila njia hufanya hesabu mbili kwa pigo moja la saa ya prosesa, na saa hiyo hupiga hadi mara bilioni 2.23 kwa sekunde. Zidisha yote, utapata trilioni 10.28. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila njia ina kazi katika kila pigo, na hakuna gemu inayofanya hivyo. Mara nyingi njia hizo hukaa bure zikisubiri data zifike kutoka kwenye kumbukumbu.

Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 5, alilieleza jambo hili kwa mfano mwezi Machi 2020. Vitengo 36 vinavyopiga mara bilioni 1 kwa sekunde, na vitengo 48 vinavyopiga mara milioni 750, vyote hutoa teraflopi 4.6. Hata hivyo prosesa ya kwanza itazimaliza haraka zaidi kazi nyingine nyingi, kwa sababu sehemu zake zilizobaki nazo zinafuata saa hiyo yenye kasi. Tarakimu ni ileile, matokeo ni tofauti.

Fremu moja kwa karibu

Anachokihisi mchezaji ni muda. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Tuseme umebonyeza kitufe cha kupiga shuti. Pedi inasomwa. Prosesa kuu inakokotoa mpira utaelekea wapi na kipa ataruka upande gani, kisha inaiandikia prosesa ya michoro orodha ya vitu vya kuchora. Prosesa ya michoro inaigeuza orodha kuwa pembetatu, na pembetatu kuwa pikseli, kila pikseli na rangi yake. Kwenye skrini ya 4K pikseli hizo ni 8,294,400. Kwa kawaida hatua hizi hupokezana, fremu moja ikihesabiwa wakati iliyotangulia inachorwa, lakini kila hatua ina kikomo kilekile cha milisekunde 16.7.

Fremu ikichelewa kwa milisekunde moja tu, kwenye skrini ya kawaida imekosa zamu yake. Skrini inairudia picha ya zamani, na jicho linakaa nayo kwa milisekunde 33.3. Hapo ndipo tunaposema gemu inakwama. Fremu chache za namna hiyo kila dakika zinatosha kukuharibia mechi, ilhali kipimo cha wastani kitaendelea kuonyesha karibu 60. Skrini za kisasa zinazoweza kuisubiri fremu iliyochelewa zimepunguza tatizo, hazikulimaliza. Na runinga nayo ina mchango wake: ikiachwa isafishe picha kama inavyofanya kwa filamu, inaweza kuongeza makumi ya milisekunde kabla ya shuti lako kuonekana. Ndiyo maana runinga nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu, na kuuwasha hakugharimu hata senti.

Kufungwa kwa konsoli kunaleta tija hapa. Mwandishi wa programu anajua kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na mwendo wa diski vya kila mteja wake, hivyo anaweza kuigawa bajeti ya milisekunde 16.7 kazi kwa kazi. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuwa na megabaiti 512 tu za kumbukumbu, nusu kwa prosesa kuu na nusu kwa michoro, na prosesa yake iitwayo Cell ilijulikana kwa ugumu wa kuiandikia programu. Lakini haikubadilika. Wahandisi waliisoma mashine ileile mwaka baada ya mwaka, na Juni 2013 studio ya Naughty Dog ikatoa The Last of Us, gemu ambayo miaka saba nyuma wachache wangeamini kwamba mashine hiyo ingeiweza. Megabaiti zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Njia za data

Ndani ya PlayStation 5, prosesa kuu na prosesa ya michoro zinakula sinia moja: kumbukumbu ni ya pamoja, na data husomwa kwa kasi ya hadi gigabaiti 448 kwa sekunde. Kompyuta ya gemu ina kumbukumbu mbili. Prosesa kuu ina ya kwake, na kadi ya michoro ina ya kwake ambayo katika kadi kubwa huwa na kasi kuliko ya konsoli yoyote. Kinachoziunganisha ni njia iliyo kati yao. Kwenye kompyuta zenye njia ya kizazi cha nne hupita takriban gigabaiti 32 kwa sekunde kwa kila upande. Gemu iliyoandikwa vizuri huvusha data mapema na kadi kubwa ikang'ara. Iliyohamishwa kwa pupa kutoka konsoli husubiri kwenye njia hiyo, na mchezaji akashangaa kwa nini mashine yake ya gharama inakwamakwama.

Kuna mzigo mwingine wa kompyuta usioonekana kwenye karatasi za matangazo: sheda. Hizi ni programu ndogo zinazoielekeza prosesa ya michoro namna ya kuipa rangi ngozi, maji au ukuta, na gemu kubwa huwa nazo maelfu. Lugha ya ndani ya kadi za Nvidia si ya kadi za AMD, na hata kampuni moja huibadilisha kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa konsoli, prosesa inajulikana, hivyo sheda hutafsiriwa studioni na mteja hupokea kazi iliyokwisha. Kwa kompyuta, tafsiri hufanywa na draiva, programu inayoiendesha kadi, kwenye mashine ya mnunuzi. Ikifanywa katikati ya mchezo, picha inaganda kila kitu kipya kinapotokea. Ikifanywa mwanzoni, mchezaji anasubiri. The Last of Us iliyoundwa upya ilipoletwa kwenye kompyuta Machi 2023, wanunuzi walilalamika kwamba sheda zilichukua muda mrefu kujengwa na kwamba gemu ilikuwa ikijizima, na masahihisho yakafuata kwa wiki kadhaa. Hadithi ni ileile iliyotulia kwenye megabaiti 512, sasa imeshindwa kutulia kwenye mashine zenye nguvu mara nyingi zaidi.

Mkono na shabaha

Mashine hizi zinatofautiana pia kwa kinachoshikwa mkononi, kipanya au pedi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono unaongezeka kadiri kitu hicho kinavyokuwa mbali na kadiri kinavyokuwa kidogo, na akaupa uhusiano huo kanuni ya hesabu. Mwaka 1978 watafiti Card, English na Burr walivilinganisha vifaa kadhaa vya kuchagua maandishi kwenye skrini, na kipanya kikaibuka cha haraka zaidi na chenye makosa machache zaidi.

Sababu yake inafahamika. Kipanya hufuata mahali: ukikisogeza sentimita mbili, shabaha nayo inasogea umbali wake na kusimama mkono unaposimama. Kijiti cha pedi hufuata kasi: ukikilaza, shabaha inaanza kutembea, na ni juu yako kukiachia kwa wakati. Ubongo unabeba hesabu ya ziada. Ndiyo maana gemu nyingi za bunduki kwenye konsoli humsaidia mchezaji kwa siri, zikiipunguza kasi shabaha inapompitia adui.

Kwenye mpira mambo yanageuka. Vitufe vinne vya kibodi vinatoa pande nane tu, na kitufe ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa. Kijiti kinatoa pande zote za duara, pamoja na kiasi cha kukilaza, kwa hiyo mchezaji anaweza kutembea, kukimbia kidogo au kuchomoka. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako mpira ndio mfalme, PlayStation ilitawala kwa sababu za kiuchumi na za kimwili kwa pamoja: mashine moja, runinga moja, pedi mbili, na kidole gumba kinachopata kile kinachokihitaji.

Umeme na mfuko

PlayStation 5 hutumia karibu wati 200 gemu nzito inapoendelea. Kwa mita ya LUKU, hiyo ni uniti moja kwa saa tano. Kadi ya Nvidia RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022 peke yake imepangiwa wati 450, hivyo kompyuta inayoibeba inaweza kuimaliza uniti hiyo kabla ya saa mbili kutimia. Lakini kompyuta ni neno pana. Steam Deck ya Valve, kompyuta ya mkononi ya mwaka 2022, ina prosesa inayotumia kati ya wati 4 na 15.

Vijana wengi kwetu huanzia kwingine kabisa, kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya au Dubai. Mashine hizo mara nyingi zina pawa saplai ndogo, zisizo na waya wa kulisha kadi kubwa. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama yenyewe hutoa hadi wati 75, na zipo kadi za michoro zilizoundwa zisivuke kiwango hicho. Anayelijua hili anaipata kompyuta ya gemu kwa hatua, leo mashine, kesho kadi, mwakani kumbukumbu. Konsoli haina hatua. Hulipwa yote kwa mkupuo.

Mlango ulioachwa wazi

Kila upande umekuwa ukijifunza kwa mwenzake. Xbox ya kwanza, mwaka 2001, iliendeshwa na prosesa ya Intel Pentium III iliyotoka kwenye ukoo wa kompyuta. Vulkan, kiunganishi cha programu na prosesa ya michoro kilichotolewa mwaka 2016, kiliwapa waandishi wa programu za kompyuta uwezo wa kuiamuru prosesa ya michoro kwa ukaribu unaofanana na wa konsoli. DirectStorage, njia ya gemu kusoma data haraka kutoka kwenye diski, ilianzia Xbox, ikaingia Windows mwaka 2022. Nayo PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 inaikuza picha ndogo kwa akili mnemba, mbinu ambayo Nvidia iliipeleka kwenye kadi za kompyuta tangu mwaka 2018.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo konsoli haikuliazima, kwa sababu kuliazima ni kuacha kuwa konsoli: ruhusa ya kuifungua. Counter-Strike ilizaliwa mwaka 1999 kama marekebisho ya gemu ya Half-Life yaliyoandikwa na wachezaji, na Valve ikaja kuinunua. Dota ilizaliwa na wachezaji walioichokonoa gemu ya Warcraft III. Aina nzima za michezo, zenye mashindano ya mamilioni ya dola leo, zilianzishwa na watu walioweza kuingia ndani ya gemu iliyokuwa mbele yao na kuibadilisha. Na kila gemu ya konsoli, hata ile isiyowahi kufika kwenye kompyuta, iliandikwa kwenye kompyuta.

Kwa anayetaka kucheza tu, nitamshauri konsoli bila kusita. Atalipa mara moja, atakaa miaka bila kuwaza draiva wala sheda, na milisekunde zake 16.7 zitalindwa na wahandisi wanaoijua mashine yake kuliko yeye. Mzazi au mwalimu mwenye kijana anayeuliza gemu inatengenezwaje nitamsihi atafute kompyuta, hata ile ya ofisi yenye kadi ya wati 75. Godot, programu ya kutengenezea gemu, inapatikana bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na inakwenda hata kwenye mashine za kawaida. Kijana huyo atakutana na kukwama, draiva na sheda, na kila kimoja kitamfundisha jambo ambalo konsoli ilikusudiwa kumwepusha nalo. Afrika Mashariki ina wachezaji tele. Waundaji ndio tunaowahitaji, na watapatikana kwenye mashine inayokubali kufunguliwa.