Kipsing: Nyumba Ina Mnunuzi, Ardhi Haina Muuzaji

Mfanyabiashara mmoja wa Kipsing, kituo cha biashara katika kaunti ya Isiolo kaskazini mwa Kenya, anauza duka lake la mabati pamoja na chumba cha kulala kilicho nyuma yake, na wanunuzi hawakosekani. Wanakuja, wanazunguka, wanagonga mabati, wanauliza bei. Kisha wanauliza hati. Yeye huwatolea alicho nacho: makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono mbele ya wazee, risiti kadhaa za kodi ya ploti, na barua ya mgao yenye jina la mtu aliyemuuzia. Wengi huaga hapohapo. Wanaobaki hukata bei mpaka anaona afadhali akae nalo.

Malalamiko yake ni marefu, na tumeyapa nafasi kwa sababu si yake peke yake. Anasema ploti hiyo ameilipia mara tatu. Kwanza alimlipa muuzaji. Halafu akalipa kikao cha wazee waliothibitisha kwamba muuzaji hakuwa na ugomvi na jirani. Mwisho akamlipa mpimaji aliyekuja na kamba na vigingi, akaahidi ramani, na ramani haikuonekana. Baadaye akaja mpimaji mwingine na vigingi vikasogea hatua kadhaa. Kila mwaka anatakiwa kulipia ploti na analipa. Swali lake ni moja: serikali inayomtambua wakati wa kupokea kodi, mbona haimtambui wakati wa kuuza?

Alipotaka mkopo wa kuongeza bidhaa, aliambiwa jengo lisilo na hatimiliki haliwezi kuwa dhamana. Analinganisha na mifugo. Mbuzi akipelekwa mnada wa Oldonyiro, muuzaji anajulikana, alama inajulikana, pesa zinahesabiwa na biashara inaisha siku hiyohiyo. Duka ambalo amelijenga kwa miaka mingi halina njia kama hiyo.

Jibu la swali lake halimpendezi mtu yeyote anayeishi katika vituo vya biashara vya kaskazini. Risiti ya kodi inathibitisha kwamba umelipa. Haithibitishi kwamba ardhi ni yako. Sehemu kubwa ya Isiolo ilikuwa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti la zamani, na Katiba ya 2010 iliihesabu ardhi ya namna hiyo kuwa ya jamii. Kifungu cha 63 kinasema kwamba ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaongeza katazo: kaunti hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Mwenye kuishika hana mamlaka ya kuiuza, na mwenyewe hana hati mpaka asajiliwe kama jamii.

Kwa hiyo mtu anaponunua nyumba mahali ambapo jamii haijasajiliwa, anachopata ni ukuta, mabati, mlango na ridhaa ya majirani kwamba akae. Hicho si kitu kidogo. Watu wameishi kwa ridhaa hiyo vizazi na vizazi, na wazee wanajua nani alichimba msingi wa nyumba gani. Lakini ni tofauti na kununua ardhi, na bei inayotozwa siku hizi mara nyingi ni ya ardhi.

Barua ya mgao ndiyo inayowapoteza wengi. Ina muhuri, ina namba ya ploti, na madalali huiita hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa maamuzi mawili ambayo mnunuzi angepaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi. La kwanza, kuhusu kiwanja cha ufukweni Mombasa, lilisema kwamba hata hatimiliki yenyewe haimlindi mnunuzi ikiwa mwanzo wake ulikiuka sheria. La pili lilisema barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki, kwa kuwa ni ahadi yenye masharti ambayo lazima yatimizwe mpaka hati isajiliwe. Ikiwa hati kamili ya ufukweni inaweza kuanguka, mnunuzi wa Kipsing aliyeshika nakala ya barua yenye jina la mtu mwingine ajiulize amesimama wapi.

Afisa mmoja anayeshughulikia mambo ya ardhi katika eneo hili, aliyeomba asitajwe, alitueleza kwamba wasiwasi huu umetiwa chumvi na kwamba usajili wa jamii unaendelea vizuri. Hakutuonyesha daftari. Alichotaja mara kadhaa ni namba moja: ekari 6,500. Ndizo zilizotajwa katika mipango ya mji wa kitalii ulioahidiwa katika Kipsing Gap, pengo lililo kati ya vilima magharibi mwa mji wa Isiolo, kama sehemu ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012. Kwa maoni yake, mji huo ukija utapandisha thamani ya kila ploti, na mwenye kuuza leo atajuta.

Namba hiyo imetajwa kwa miaka mingi bila hoteli kuonekana. Barabara ya lami ya kwenda Moyale ilikamilika na uwanja wa ndege wa Isiolo ukajengwa, kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Mji wa kitalii, hata hivyo, umebaki kwenye michoro, huku jina lake likifanya kazi sokoni. Dalali akisema ploti iko Kipsing, mnunuzi wa mbali anafikiria lile pengo la kwenye ramani ya mradi, ilhali kituo cha Kipsing chenye maduka na manyatta ni mahali pengine. Anayenunua kwa picha ya simu hawezi kutofautisha.

Liko jambo zito zaidi ambalo afisa hakuligusia. Serikali ikitwaa ardhi ya jamii isiyosajiliwa, fidia hailipwi kwa mwenye karatasi ya makubaliano. Sheria inaagiza pesa hizo ziwekwe na kaunti katika akaunti maalumu yenye riba, zikisubiri jamii isajiliwe. Aliyenunua ploti akitumaini kulipwa fidia ya mradi amenunua tumaini ambalo sheria haikumwandikia.

Na usajili wenyewe si kazi ya wiki mbili. Jamii inajiandikisha kwa jina, inaorodhesha wanachama, inachagua kamati ya watu 7 hadi 15, inatunga kanuni, kisha mipaka inahakikiwa na kupimwa. Upande wa Samburu na Laikipia kulikuwa na ranchi za kikundi zilizoanzishwa chini ya sheria ya 1968, zenye mipaka na majina yaliyokwisha kuandikwa. Zilipogeuzwa kuwa ardhi ya jamii zilikuwa na pa kuanzia. Isiolo, kwa sehemu kubwa, haikuwa na urithi huo. Hapa Wasamburu, Waturkana na Waborana wamekuwa wakifuata malisho na maji yaleyale, mara nyingine kwa maafikiano na mara nyingine kwa damu, na mstari wowote utakaochorwa kwenye ramani utaulizwa maswali. Hata baada ya hati ya jamii kutolewa, kuuza kipande chake kunahitaji theluthi mbili ya wanachama watu wazima waliosajiliwa. Sahihi tatu za wazee chini ya mgunga hazitoshi.

Mama mmoja anayeuza chai na mandazi kituoni alituuliza jambo ambalo wanaume tuliozungumza nao hawakulitaja. Kwa desturi ya Wasamburu nyumba ya manyatta hujengwa na mwanamke: yeye hukata fito, yeye husuka, yeye hukandika. Mumewe akiuza mahali ilipo, je, ameuza chake? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na ile ya ardhi ya jamii inampa mwanamke haki sawa ya uanachama. Makubaliano machache tuliyoonyeshwa yana sahihi au dole gumba la wanaume peke yao. Hili linatuuma, kwa sababu ndilo pengo ambalo lingezibwa kesho bila kusubiri mpimaji wala mradi: mke aitwe kikaoni, asomewe kwa lugha yake, atie dole.

Muuzaji akiwa amefariki, mambo yanakuwa magumu zaidi. Sheria ya urithi iliitaja Isiolo miongoni mwa wilaya ambako ardhi ya kilimo na mifugo ya asiyeacha wosia hufuata mila. Familia nyingi zinasikia hivyo na kudhani kwamba mahakama haihusiki kabisa, kaka mkubwa akauza. Wadogo zake wakikua, mnunuzi hupata wageni mlangoni.

Kwa wenye ardhi iliyosajiliwa, tuseme nyumba ndani ya mji wa Isiolo wenye hati, njia inajulikana: msako rasmi kwenye masjala, mkataba wa maandishi wenye sahihi na shahidi kama sheria ya mikataba inavyodai, amana ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na siku 90 za kukamilisha. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, juu ya mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, humwangukia muuzaji. Ardhi ya kilimo inahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Katika Kipsing hatua hizo hazijafika. Wakili mmoja tuliyezungumza naye anawashauri wateja wake waandike makubaliano yanayosema ukweli, yaani yanayotaja jengo na haki ya kulitumia, bila neno ardhi, na yanayosema pesa zirudi iwapo jamii itakataa kumpokea mnunuzi. Anakiri kwamba wauzaji hawayapendi, kwa kuwa bei hushuka mara moja.

Bei hizo huenda zikapanda tena. Usajili ukienda kasi, waliokaa muda mrefu kwa amani wana nafasi nzuri ya kutambuliwa na kamati; wenye barua za mbali, nafasi yao ni finyu. Inawezekana pia miaka mingine ikapita hivihivi. Mfanyabiashara wetu hasubiri upande wowote. Ameacha kutaja ploti, sasa anatangaza kwamba anauza mabati, mbao na rafu, mnunuzi abomoe mwenyewe. Amepata watu wawili wanaotaka. Wote wawili wanataka duka libaki palepale lilipo.