Leseni ya Windows Unapobadili Vifaa vya Kompyuta



Familia nyingi huongeza uwezo wa kompyuta ya zamani badala ya kununua mpya. Hilo ni jema, kwani israfu haifai. Lakini wengine hushtuka, kifaa kipya kikishafungwa, Windows inapodai leseni upya. Kwa nini?

Kwanza tufahamu kuwa anayelipia Windows hanunui programu yenyewe, bali ananunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, programu hii huweka alama za vifaa vya kompyuta na kuzilinganisha na leseni. Ukiongeza ramu, kwa kawaida hakuna tatizo. Ukibadili madabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, Windows huiona kuwa ni kompyuta nyingine.

Hapo aina ya leseni ndiyo huamua:

1. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Hii haihamishiki. Ukiweka madabodi mpya kwa kutaka nguvu zaidi, utahitaji leseni nyingine.

2. Leseni iliyonunuliwa peke yake. Hii huhamishika, kwa sharti uiondoe kwanza kwenye kompyuta ya zamani.

Mwenye Windows 10 au 11 aiunganishe leseni na akaunti yake ya Microsoft kabla ya kubadili kifaa. Baadaye aingie kwa akaunti ile ile na kueleza kuwa amebadili vifaa. Tukumbuke pia kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Fundi anaweza kukwambia, "Nitakuwekea ya bure," yaani iliyovunjwa kufuli. Je, yafaa? Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait, liliamua kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivunja. Mkataba ni mkataba, hata kama mwenye mali yuko Marekani na hatuoni.

Wala ufukara si udhuru, kwani njia ya halali ipo. Linux, kwa mfano Ubuntu, haina malipo, na wenyewe wameruhusu uiweke kwenye kompyuta nyingi utakavyo, hata ukibadili madabodi kila mwezi.

Basi kabla fundi hajashika bisibisi, mwulize: leseni yangu ni ya aina gani?

Wabillahi tawfiq.