Ua wa Mtandamboo

Mwenye nyumba wa Kaniha, huku Biharamulo, akatapo matawi ya miiba na kuyapanga kuzunguka shamba lake la mihogo, ajua ya kuwa kazi yake haitadumu. Mchwa huanza kula chini, jua hukausha juu, na wakati wa kiangazi moto wa majani ukitoka porini, boma zima huteketea kabla watu hawajafika na maji. Mwaka wa pili hana budi kushika panga tena, na miti iliyo karibu imekwisha kukatwa.

Lakini vichakani umo mti ufaao kuwa ua ulio hai. Kwa Kiswahili huitwa mtandamboo, Wahaya huuita omuyonza, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi husema umunyonza. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, miiba yake ni migumu iliyonyoka, na maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, yanukiayo vizuri hata mpita njia husimama. Ukivunja kijiti, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Tunda ni dogo, la mviringo. Kwanza ni la kijani, kisha huwa jekundu, na likiiva kabisa ni la zambarau iliyo karibu na weusi. Hapo huliwa pamoja na mbegu zake, nalo ni tamu yenye uchachu kidogo. Lisiloiva hunata midomoni kama ulimbo, na hiyo ndiyo adhabu ya mtoto asiyesubiri. Mama mwenye sukari aweza kuyapika matunda yakawa jemu nzuri.

Kuupanda si kazi ngumu, ila yataka subira. Twaa matunda yaliyoiva, yaoshe mpaka nyama yote itoke, ukapande mbegu katika kitalu zikingali mpya, kwa maana zikikaa sana hupoteza nguvu. Mvua zianzapo, hamisha miche, hatua moja fupi kati ya mche na mche. Mti huu hukua polepole, na mbuzi hupenda majani yake machanga. Basi lile boma la miiba mikavu usiliondoe upesi, liache lilinde miche mpaka iwe na miiba yake yenyewe. Baadaye ukate ua mara kwa mara usigeuke kichaka, na vijiti vilivyokatwa viokotwe vyote, kwa ajili ya miguu ya watoto.

Sasa nina neno zito kwa akina mama na walimu. Mtandamboo una ndugu mbaya, aitwaye msunguti, wa jamii ileile ya mimea. Naye ana utomvu mweupe, naye ana maua meupe yenye harufu nzuri, na tunda lake likiiva ni la zambarau. Huo ndio mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki walichemsha gome, kuni na mizizi yake mpaka ikawa nyeusi kama lami, wakaipaka mishale. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga sumu iliyomo, nayo ni sumu ya moyo. Waganga wa Ulaya walipata hata kuitumia kwa kipimo kidogo sana kuwa dawa. Wapo wasemao tunda la msunguti likiiva sana huliwa. Mimi simpi mtoto wangu.

Alama ya kuitenganisha ni miiba. Msunguti hauna mwiba hata mmoja, na majani yake ni magumu kama ngozi. Basi mtoto apelekwaye kuchunga afundishwe kutafuta mwiba kwanza, ndipo achume. Pasipo mwiba, asitie kitu kinywani, hata kama wenzake wanakula. Mwalimu mwenye darasa dogo na awatoe watoto nje saa moja, wauguse mtandamboo kwa mikono yao, kwa kuwa picha ubaoni haichomi. Na mtoto akiisha kula tunda asilolijua, akaanza kutapika au kulegea, msingoje mpaka asubuhi wala msimpe dawa za nyumbani; mchukueni hospitali mara moja, pamoja na tawi la mti ule, ili tabibu aone alichokula.