Simu ya Upepo Kwenye Tangi la Maji

Mwenye miwani aivae, tusome pamoja.

Tuseme wewe ni mtunza pampu hapa Babati. Pampu iko bondeni, tangi liko kilimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Usiku utajuaje kama limejaa? Likijaa na pampu ikaendelea, maji humwagika bure. Likikauka, wodi ya wazazi haina maji alfajiri. Zamani alitumwa kijana kupanda na kuchungulia. Akirudi, habari zimekwisha kuwa za kale.

Siku hizi redio yaweza kufanya kazi hiyo. Ndani ya tangi huwekwa boya. Maji yakipanda, boya hupanda, yakishuka, hushuka. Boya limeungwa na chombo cha umeme kinachogeuza kimo cha maji kuwa tarakimu. Redio ndogo yenye betri inayojazwa na jua huitangaza tarakimu hiyo kila baada ya dakika chache. Bondeni, redio nyingine huipokea, nawe wasoma: mita 3, mita 2. Kupima kitu kilicho mbali namna hii huitwa telemetri. Setilaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilileta vipimo vyake kwa njia hiyo hiyo. Tangi lako lafanya kama yeye, ila haliruki.

Mawimbi ya redio hizi hupenda kwenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Mlima Kwaraa ukikaa katikati, hayapiti. Hapo huwekwa mtambo wa tatu mahali pa juu, upokee na kurusha tena.

Sasa sikilizeni vizuri. Redio ya tangi imenyamaza. Tarakimu ya mwisho ilikuwa mita 3. Je, maji yapo? Hujui! Labda betri imekufa, labda radi imepiga, labda mwizi amechukua bamba la jua. Kwa hiyo mtambo mzuri huandika saa ya kila habari, na habari zikikosekana hupiga kengele ili mtu aende kutazama. Tena boya laweza kukwama, likasema mita 3 huku tangi ni tupu. Basi yule kijana asifukuzwe kazi. Apande kilima mara moja kwa juma.

Zoezi. Saa 2 usiku maji yalikuwa mita 3. Saa 4 usiku yalikuwa mita 2. Pampu imesimama, na watu wanateka vile vile. Tangi litakauka saa ngapi? Andikeni jibu katika daftari, mwalimu atasahihisha.