Baridi inavyomla mkulima wa mpira

MKULIMA wa mpira husubiri takriban miaka saba kabla ya kugema utomvu wa kwanza. Siku chache za baridi kali zaweza kuufuta mtaji huo wote.

Wakulima wa Xishuangbanna, kusini mwa mkoa wa Yunnan nchini China, wanalijua hilo vyema. Asili ya mti huu ni bonde la mto Amazon, lakini China iliupanda kwa wingi kuanzia miaka ya 1950, hata sehemu zenye majira ya baridi.

Mpira hustawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 28 za Sentigredi. Joto likishuka chini ya 18, ukuaji hudorora. Likiwa chini ya nyuzi 5, majani na matawi machanga hukauka, na gome hupasuka na kuvuja utomvu. Likifikia sifuri, mti waweza kufa. Hasara kubwa iko kwenye gome, kwa kuwa ndilo linalogemwa. Likioza, mti huendelea kusimama bila kumlipa mwenyewe.

Baridi huja kwa njia mbili. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi, ambayo ni nzito, hushuka na kutuama bondeni, hivyo miti iliyo juu kidogo mteremkoni husalimika. Njia ya pili ni upepo wa kaskazini unaoambatana na mawingu kwa siku nyingi, kama ilivyotokea kusini mwa China Januari 2008. Hapo huumia zaidi miteremko inayopigwa na upepo.

Kwa sababu hiyo, wakulima wa Yunnan huchagua miteremko inayopata jua. Sehemu zenye baridi hupanda miche ya kubebeshwa ya aina ya GT1, yenye asili ya Java, inayovumilia kuliko nyingi. Ugemaji husimama tangu mwishoni mwa Novemba hadi Machi, hivyo mapato ya miezi minane hulisha familia mwaka mzima.

Nchini Tanzania, mpira ulipandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro, kwenye nyanda za joto. Anayefikiria kuupeleka milimani akumbuke kuwa kila mita 100 za mwinuko hupunguza takriban nusu nyuzi au zaidi. Kipimajoto kikisomwa alfajiri za Juni na Julai, kabla ya kununua miche, kitamwepusha na hasara ya miaka saba.